Sebule ya Milango Mitatu

Machi 4, Jumanne

Mvua imeanza leo kwa fujo. Na mimi nimeanza leo kuandika, kwa sababu nina la kusema na sina wa kumwambia. Mama mkwe anahamia kwetu. Paa la nyumba yake limeachia upande mmoja, maji yanamfuata hadi kitandani, na fundi amesema hagusi paa la mtu mpaka mvua zikatike. Mke wangu hakuniuliza, aliniarifu tu, na hata angeniuliza ningesema aje. Mama wa mke wangu ni mama yangu. Tatizo langu si yeye, ni sebule.

Kazi yangu ni kupanga samani dukani. Nachukua makochi, meza, mataa na mazulia, nayapanga kwenye ukumbi wa duka hadi mteja asimame aseme, "Hapa ndipo ninapotaka kuishi." Wenzangu wananiita Injinia wa Makochi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika kwangu, na nimehakikisha asifike. Sebule yangu ni ndefu na nyembamba. Ina mlango wa mbele, mlango wa jikoni na mlango wa vyumbani. Karibu na katikati kuna nguzo ambayo aliyejenga alisema ndiyo inayoshikilia nyumba. Dirisha ni moja, kubwa, linapigwa na jua la jioni. Soketi nayo ni moja, nyuma ya mlango wa jikoni. Ukiweka televisheni karibu na soketi, mlango unaigonga. Ukiiweka kwingine, ama nguzo inakuziba, ama jua linakuonyesha sura yako mwenyewe kwenye kioo. Mtu wa kazi yangu kuwa na sebule ya namna hii ni kama kinyozi mwenye nywele timtim.

Machi 6, Alhamisi

Mama amefika na pikapu. Begi moja, ndoo ya vyombo, na kiti. Sikutegemea kiti. Ni cha mbao, cha mikono, kizito kwelikweli, na mto wake umeshonwa kwa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye pazia la zamani. Marehemu mume wake ndiye aliyekiunda. Dukani kwetu tungekipeleka stoo na kukifunika.

"Nimekizoea," alisema mama, macho chini kama kawaida yake akizungumza nami. "Hakitakusumbua, baba."

Nikamwambia hakisumbui hata kidogo.

Machi 7, Ijumaa

Mvua. Nguzo iko palepale.

Machi 9, Jumapili

Nimeshinda nasukuma. Kochi kubwa nimelipeleka ukutani, nikalirudisha, nikalipeleka tena. Mke wangu alipita na beseni la nguo akasema, "Hilo kochi limesafiri kuliko mimi tangu tuoane."

Hatimaye nimepata. Televisheni nimeitundika kwenye ukuta mrefu, waya nimeuzungusha juu ya fremu ya mlango wa jikoni. Kochi kubwa limekaa upande wa vyumbani. Kiti cha mama nimekiweka kando ya nguzo, kinatazamana na televisheni uso kwa uso, mlango wa mbele ukiwa kuliani kwake. Ndiyo nafasi bora kuliko zote humu ndani. Jua halifiki, nguzo haizibi. Nimempa yeye, na naandika ili ijulikane kwamba nilimpa.

Machi 11, Jumanne

Nimerudi kazini nimelowa chapachapa. Nikafungua mlango, mama yuko kitini anatazama televisheni. "Shikamoo, mama." Kimya. Nikangoja kidogo pale mlangoni, maji yananichuruzika, halafu nikapita zangu chumbani. Siwezi kwenda kumsimamia mama mkwe usoni na kumrudiarudia salamu. Mkwe husalimia kwa adabu na kupita. Lakini shikamoo isiyoitikiwa hukwama kooni kama mwiba wa samaki.

Machi 12, Jumatano

Shikamoo. Kimya.

Machi 13, Alhamisi

Kimya tena. Na binti yetu alikuwa amekaa naye, upande wake wa pili, wanapigiana hadithi na kucheka. Kumbe mdomo anao.

Machi 15, Jumamosi

Sasa huu ni uchokozi. Nimekuta kiti kimegeuzwa. Mama ameipa televisheni mgongo, anatazama ukuta mtupu. Ukuta! Nafasi niliyomtafutia mtu mzima kwa jasho, yeye anaona bora atazame rangi inayobanduka. Alipoingia kuoga nikakigeuza kama kilivyokuwa.

Machi 17, Jumatatu

Kiti kimegeuzwa tena. Nikasalimia kwa shingo upande.

"Marahaba, baba! Pole na mvua," akaitikia upesi, karibu kabla sijamaliza.

Nilishtuka. Nadhani aliona haya kwa kukigeuza. Nimekirudisha.

Machi 18, Jumanne

Kiti kiko nilipokiweka. Shikamoo. Kimya.

Machi 21, Ijumaa

Nimemwambia mke wangu mama yake ananidharau.

"Mama hamdharau mtu," alisema.

"Salamu yangu haiitikii. Televisheni yangu anaipa mgongo. Anataka nini, nimpangie mbinguni?"

Alifungua mdomo aseme kitu, akaufunga, akaendelea kukunja sare zake za uuguzi. Nikaona hata yeye hana cha kumtetea.

Machi 25, Jumanne

Habari kubwa. Duka linatengeneza kalenda ya mwaka ujao, na bosi anataka picha za nyumba zetu sisi tunaopanga, wateja waone kwamba tunaishi tunavyouza. Atakuja kwangu na mpiga picha. Amenidokeza pia kwamba tawi jipya litahitaji mkuu wa kupanga ukumbi, na kwamba macho anayo, anaona nani anafaa. Nimejibu karibu sana bosi, kwangu ni kwako. 

Machi 29, Jumamosi

Nimepaka rangi ukuta ule. Nimebadilisha pazia. Kiti cha mama nimekibana kati ya nguzo na kabati, sasa hakigeuki. Nikiwa jikoni nilimwona anakijaribu kwa nyonga, mara moja, mara mbili. Kisha akakaa, akatulia, akaitazama televisheni kama anavyotakiwa.

Nilifurahi. Nimeandika nilifurahi, na sifuti.

Aprili 2, Jumatano

Shikamoo, kimya. Sijali tena. Jumamosi ndiyo siku.

Aprili 5, Jumamosi

Bosi amefika mapema kuliko alivyosema. Mke wangu yuko zamu hospitalini, binti yuko kwa rafiki yake. Kiti cha mama nilikuwa nimekwisha kukitoa, nimekiegesha nyuma ya nyumba chini ya upenu, na mahali pake nimeweka kiti cha kuazima kutoka dukani, cha kijivu, miguu myembamba. Nilimwambia mama apumzike chumbani kidogo, wageni wa kazini hawatakaa. Aliitikia kwa kichwa akaingia.

"Injinia!" bosi akasema alipoingia. "Kumbe huku unaficha ikulu!"

Mpiga picha alizunguka na kamera yake akasema hakuna cha kusogeza, sebule inajipiga yenyewe. Tulisimama mbele ya televisheni, bosi na mimi, tukitazama kazi yangu. Nguzo niliyokuwa naionea aibu miaka yote imekuwa kama imewekwa makusudi. Nilijisikia mtu.

Ndipo mlango wa vyumbani ukafunguka. Mama akatoka na kikombe kitupu mkononi, miguu mitupu, amejifunga zile kanga zake za kushindia zilizopauka. Alikuwa anaelekea jikoni. Alifika katikati ya sebule ndipo akatuona, akasimama.

"Na mama huyu?" bosi akauliza.

Maneno yalikuwa mawili tu. Mama mkwe. Hata mtoto anayaweza. Mimi nilizitazama zile kanga, nikakitazama kiti cha kijivu, nikasikia sauti yangu ikisema, "Huyu anatusaidia kazi za nyumbani."

"Hongera, mama, nyumba inang'aa," bosi akamwambia.

 Mama akainamisha kichwa kwa adabu. "Karibuni, wageni. Niwaletee chai?"

Bosi akakubali. Mama akaleta chai kwenye sinia, akammiminia bosi, akammiminia mpiga picha, mimi wa mwisho. Kikombe changu alinipa kwa mikono miwili. Hakukaa. Alirudi jikoni akabaki huko mpaka picha zikapigwa, vikombe vikiwa mezani, na wageni wakaaga, na muda wote nilisikia maji ya bomba yakitiririka.

Mvua ilikuwa imenyesha wakati tunakunywa. Nilipokwenda nyuma, upenu ulikuwa umevuja na mto wa maua umelowa tepetepe. Nilikirudisha kiti ndani mwenyewe, nikakibana palepale. Mama alikuja, akauchukua ule mto, akaukamua juu ya ndoo, akauanika.  

Aprili 6, Jumapili

Labda hakunisikia. Nilisema kwa sauti ya kawaida, na nje mvua ilikuwa inaanza. Chai? Mtu yeyote mwenye heshima akikuta wageni huuliza chai. Naishikilia hiyo chai kama mtu anayezama.

Mke wangu aliuliza picha zilikwendaje. Nikasema vizuri. Nikamtazama mama. Alikuwa anamchambulia mjukuu mchele na hakuinua uso.

Aprili 7, Jumatatu

Nimeingia kwa mlango wa nyuma.

Aprili 8, Jumanne

Leo mke wangu alikuta mama anahangaika kukichomoa kiti pale nilipokibana. Akanigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake, akanivuta chumbani, akafunga mlango.

"Nani alikibana kile kiti?"

"Mimi. Hakiachi kikatulia. Kila siku anaipa televisheni mgongo."

"Sikio lake la kulia limekufa," alisema. "Tangu mwaka jana. Aliniapisha nisikwambie, anaona aibu, hataki mkwe aseme nimeletewa mgonjwa wa kuuguza. Wewe unaingia kwa mlango wa mbele, unamsalimia sikio lililokufa, unapita. Siku moja mtoto akamwambia, bibi, baba amekusalimia hukumjibu. Alilia. Ndipo akaanza kukigeuza kiti, sikio zima lielekee mlangoni. Anatazama ukuta mchana kutwa ili akusikie wewe ukiingia!"

Nilikaa kitandani. Sasa niandike ukweli, maana humu hakuna bosi. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa huruma. Lilikuwa tumaini. Nilijiambia, kama sikio moja limekufa, basi huenda Jumamosi hakusikia. Mke wangu amesimama mbele yangu machozi yanamlenga, na mimi kichwani nahesabu masikio ya mama yake.

Aprili 9, Jumatano

Niliomba ruhusa nikarudi nyumbani mapema, mama na mjukuu wakiwa wametoka. Kupanga ndiyo kazi yangu. Najua kila kitu kilikuwa wapi siku ile. Nilisimama penye mlango wa vyumbani kama mama, nikashika kikombe, nikatembea kuelekea jikoni, nikasimama aliposimama. Televisheni ilikuwa kushoto kwangu. Na mbele ya televisheni ndipo tuliposimama, bosi na mimi.

Nikarudia. Nikatembea polepole, nikatembea haraka, nikageuza kichwa huku na huku nikitafuta namna ambayo sauti yangu ingeangukia kulia. Haipo. Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa bega, na sikio lililotuelekea lilikuwa zima.

Alisikia. Alisikia, akaniletea chai kwa mikono miwili.

Nimekichomoa kiti pale kilipobanwa na kukigeuza mwenyewe, mgongo kwa televisheni. Kilikuwa ndicho kitu pekee nilichokiweza.

Aprili 10, Alhamisi

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Zamani aliongeza "baba".

Aprili 15, Jumanne

Mvua mfululizo. Nimejaribu kumwomba radhi jana na juzi. Namsogelea upande wa kushoto, nafungua mdomo, mke wangu anapita na sufuria. Yeye hajui. Mama hajamwambia, na nimemwangalia vya kutosha kujua hatamwambia. Angemwambia ningechomwa mara moja nikapona. Yeye amenifunika, na kila nikila naye meza moja nakula chini ya kifuniko hicho.

Zamani nilimwona mzee mwenye kiburi. Siku hizi namtazama jinsi anavyosubiri watu wote waseme ndipo acheke, kwa sababu anasoma nyuso ajue kama ni kichekesho. Jinsi anavyomweka mjukuu kushoto kwake bila kumwambia kwa nini. Wiki zote hizo nilikuwa napanga chumba kilichokuwa na mtu na sikumwona.

Aprili 22, Jumanne

Kalenda ya majaribio imetoka. Sebule yangu ni mwezi wa tano. Vikombe vya chai viko mezani, vinafuka moshi, na bosi anasema vile vikombe ndivyo vilivyoipa picha uhai. Nimepewa ule ukuu wa tawi. Wenzangu walinipigia makofi. Nakala yangu nimeiacha kazini, chini ya mazulia.

Aprili 23, Jumatano

Mke wangu ameuliza mbona sifurahi. Nikasema nimechoka.

Mei 3, Jumamosi

Jua limetoka tangu asubuhi. Mama ametangaza wakati wa chakula kwamba Jumamosi ijayo anarudi kwake.

"Fundi hajamaliza paa, mama," mke wangu akasema.

"Upande mmoja hauvuji. Nitakaa huo."

"Kwa nini usingoje? Kuna nini hapa?"

"Hapa hakuna kitu, mwanangu. Hapa pazuri. Mtu hutamani kwake."

Mke wangu akanitazama, anangoja niseme kitu. Mwenye nyumba ni mimi. Ningesema "Mama, usiondoke," angesikia, nilikuwa kushoto kwake. Nilimega tonge nikalitia mdomoni.

Mei 6, Jumanne

Nilikaa naye peke yetu kwa muda mrefu leo, mke wangu yuko zamu. Nikamuuliza kama televisheni niiongeze sauti. Akasema inatosha. Huo ndio uliokuwa ujasiri wangu wote.

Mei 9, Ijumaa

Nimefunga begi lake kamba. Fundo nimelikaza hadi vidole vimeuma.

Mei 10, Jumamosi

Naandika mke wangu akiwa chumba cha pili. Hajaniuliza kitu, na sijui ataniuliza lini.

Pikapu ilifika saa za chai. Tukapakia begi, ndoo, kiti. Kiti nilikibeba peke yangu na dereva akanionya nitavunjika kiuno. Mama akaaga. Akambusu mjukuu, akamkumbatia binti yake, akanipa mkono mimi, akapanda mbele akakaa karibu na dirisha. Mke wangu alikuwa getini na chombo kimoja kilichosahaulika. Jirani yetu fundi wa nguo yuko kibarazani na cherehani yake, wateja wake wawili wamekaa kwenye benchi. Dereva akawasha gari.

Nikaona akiondoka hivi hivi nimekwisha. Atakuwa kule kwenye upande usiovuja, na mimi nitakuwa huku na kalenda. Nikasogea dirishani.

"Mama, nisamehe," nikasema chinichini.

"Unasemaje?"

"Nisamehe, mama."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akatikisa kichwa. Dereva, maskini, kwa wema wake, akazima injini ili tusikilizane. Mtaa wote ukawa kimya. Nilitamani angeiacha ingurume.

"Paza sauti," mama akasema.

"Nisamehe, mama!" nikasema, na nilipoanza sikuweza kukata. "Nilimwambia bosi wewe ni mfanyakazi wa ndani! Nilikuonea aibu wewe na kiti chako! Nisamehe, mama!"

Cherehani ya jirani ikanyamaza. Wateja wake wakageuka wote wawili. Mke wangu, pale getini, akakiweka chini taratibu kile chombo alichokuwa nacho. Dereva alikuwa anautazama usukani wake kana kwamba ameuona leo. Mimi nikakazana kumtazama mama, maana kwingine kote palikuwa na macho.

Mama naye alinitazama, usoni kabisa, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwoe binti yake.

"Siku ile nilikusikia vizuri tu," alisema. "Leo ndiyo ulikuwa unanong'ona."

 Akamwambia dereva awashe. Gari likaanza kusogea kwenye tope. Halikuwa limefika mbali alipotoa kichwa nje ya dirisha.

"Jumapili ijayo uje unipangie sebule!" akasema. "Mimi nitakaa, nitakuonyesha wapi!"

Nikaitikia ndiyo. Injini ilikuwa inaunguruma, na niliona kwa uso wake kwamba hakusikia. Nikakimbia kando ya gari na ndala zangu za ndani, tope linaruka hadi magotini, nikapita kibaraza cha jirani na wateja wake, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Ndiyo, mama! Nitakuja!"